Twiga wa Fedha na Kidole Gumba cha Bibi

Nilishuka basi Sumbawanga mchana wa jua kali na upepo wa baridi. Kipupwe kilikuwa kimepamba moto, kama baridi inaweza kupamba moto, na jambo la kwanza nililolifanya ni kuukumbatia mkoba wangu. Si kwamba niliwaogopa vibaka wa stendi. Ndani ya mkoba alikuwamo twiga. Twiga wa fedha, duara zito linalotulia kiganjani, yumo kwenye kasha lake la plastiki ngumu, na tangu nimnunue sikuwa nimemgusa kwa kidole kitupu hata siku moja. Mama niliyekaa naye kiti kimoja tangu Tunduma alinitazama nilivyoupakata ule mkoba njia nzima, akaniuliza kama nimebeba Ekaristi. Nikamwambia karibu sawa.

Wewe unanijua, sina anasa nyingi. Mimi ni muuguzi Mbeya, nguo zangu ni za mtumba, simu yangu ina ufa. Lakini nina ugonjwa mmoja: nakusanya sarafu za fedha halisi zenye wanyama wa kwetu. Sizungumzii chenji za dukani. Nazungumzia zile nzito zinazotengenezwa ili zitunzwe, zisizonunua hata kiberiti, upande mmoja kichwa cha rais au nembo ya nchi, upande wa pili mnyama. Nina tembo wa Zambia, nilimpata kwa mfanyabiashara mmoja pale mpakani. Nina kifaru. Nina chui aliyejilaza juu ya tawi. Wenzangu wengi hununua kwa uzito wa madini, wakingoja bei ipande. Mimi nanunua kwa ajili ya mnyama, na zaidi ya hapo, tusifichane, nanunua kwa ajili ya wivu. Tuna kundi letu la simu, na humo yuko mzee mmoja ambaye kila Jumapili hututumia picha ya simba wake. Kila Jumapili namwandikia hongera, na moyoni naomba simba huyo apotee.

Mzee aliyeniuzia sarafu ya kwanza, kule Dar es Salaam, alinipa sheria moja kabla hajapokea hela yangu. "Mama, fedha ikiwa nyeusi, iache nyeusi. Sarafu haisuguliwi. Ukiisugua, umeiua." Nilikaa kwenye kigoda cha duka lake nikaomba maji ya kunywa. Alidhani ni joto la pwani. Akaniwashia feni.

Basi nikurudishe nyuma, ujue kwa nini niliomba maji.

Nililelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kimoja upande wa Mpui, kwa sababu mama alikuwa na kazi Mbeya na hakuwa na mtu wa kunishika. Mpaka nilipofikisha miaka tisa bibi alikuwa wangu peke yangu. Nililala mgongoni pake, pua yangu ikiwa kwenye kitenge chake kilichonuka moshi na ulezi. Asubuhi umande ulikuwa mkali kiasi kwamba tulitembea kwa visigino. Nilikuwa nateka maji, naokota kuni, napembua ulezi uani huku nikiwafukuza kuku wa jirani. Tulikula ugali wa ulezi, ule mweusi mzito, na maharage yaliyochemka tangu asubuhi, na siku gari la samaki likipita kutoka Kasanga tulikula mgebuka wa kukaushwa. Bibi alinipa kichwa. Kwetu kichwa cha samaki anapewa mtu anayependwa, na sikuwahi kukigawana na mtu.

Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mganga wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, bibi akasema huyo mtoto hakumwomba yeye. Akawa anaona kwa kidole gumba. Unga alikuwa anaupitishia kidole ajue kama una mchanga. Homa alikuwa anaipima kwa kidole hichohicho, hapa katikati ya nyusi, na hakukosea. Na Jumamosi alikuwa anakagua sufuria.

Jumamosi wasichana wote wa kijiji tulikuwa tunashuka mtoni na sufuria kichwani. Tulisugua kwa majivu na mchanga, halafu kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Masizi ya wiki nzima yalikuwa yanashuka na maji mpaka mto unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwetu kitu cheusi ni uchafu, na mwenye uchafu ni mvivu, hakuna mjadala. Nikirudi, bibi aliigeuza sufuria kwenye mapaja yake akapitisha kidole gumba matakoni mwa sufuria, polepole. Kidole kikikwama alisema, "Rudi mtoni." Kikiteleza alicheka na kusema, "Laini! Huyu ataolewa kwenye nyumba ya bati." Laini. Sikulijua neno la sifa kubwa kuliko hilo. Ningesugua mlima mzima ili niambiwe laini.

Nilikuwa pia na zizi langu. Hilo ndilo jina nililolipa kopo la maziwa ya unga nilimokuwa naweka wanyama. Zile senti za zamani zilikuwa zimekufa, duka halizitaki, na watu wazima walikuwa wakitupa sisi watoto tuchezee. Nilikuwa na samaki wa senti tano, mbuni wa senti ishirini, na sungura wa senti hamsini, sungura wengi hasa. Jirani yetu mfugaji, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini magharibi, alikuwa na mfuko mzima wa sungura aliosahau kuwatumia walipokuwa na thamani. Kila nilipoenda kuchukua maziwa alinipa mmoja na kunisalimia kwa Kisukuma, nami nilimjibu kwa Kifipa, tukaelewana. Tembo wa shilingi ishirini ndiye pekee aliyekuwa bado hai, na mara mbili shetani alinishinda nikamtoa kwa andazi.

Lakini katika zizi langu hakukuwa na twiga. Twiga alikuwa wa bibi.

Babu, ambaye sikumkuta, alikuwa mpishi wa misheni. Padre wa kizungu ambaye babu alimpikia miaka mingi, alipokuwa anarudi kwao kufa, alimpa babu sarafu moja ya fedha yenye twiga. Si hela ya kutumia, alimwambia, ni ya kukumbuka. Babu alimpa bibi, bibi akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kila jioni tulipomaliza kula na kusali, bado moto upo, bibi alilifungua pindo lile akamtoa twiga. Hakumtazama, angemwonaje? Alimpitia kwa kidole gumba. Alianza kwenye kwato, akapanda miguu, akapita madoa ya ubavuni, akapanda ile shingo yote mpaka kwenye vipembe. Kisha alisema, "Yupo." Alimfunga tena, nasi tukaenda kulala. Mimi nilingoja lile neno kama wengine wanavyongoja amina.

Nilijua twiga atakuwa wangu. Nani mwingine alikuwapo?

Halafu akaja binamu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akilima mpunga bondeni, Mtowisa. Mkewe akafariki wakati wa kujifungua, na mjomba akapanda mlima na binti yake wa pekee, umri wangu, amembebesha mfuko wa mchele kichwani. Binti wa joto la bondeni. Amevaa gauni jembamba la mikono mifupi, meno yanagongana. Bibi alimvuta akampapasa uso mzima kwa kidole gumba, paji, nyusi, mashavu, kama anayesoma barua. "Ni mwanangu kabisa," akasema. Usiku huo binamu alilazwa katikati, baina yangu na mgongo wa bibi, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Nikasema moyoni ni usiku mmoja. Ukawa mwezi, ukawa mwaka. Kichwa cha mgebuka kikaanza kupasuliwa vipande viwili.

Majirani nao hawakunisaidia. Mama mmoja alikuja kumpa bibi pole akasema mbele yangu, "Afadhali umempata mtoto wa mwanao wa kiume, huyu ndiye wa nyumba hii." Na mimi nilikuwa nani, mpangaji?

Laiti binamu angekuwa mbaya, ningepumua. Hakuwa mbaya. Alinicheka na kunitania, maana mabinamu tuna ruhusa hiyo, lakini kuni aliokota zaidi yangu, na alipoona zizi langu hakuomba hata sungura mmoja. Sufuria zake zilikuwa laini Jumamosi ya tatu tu. "Laini!" akasema bibi, kwa sauti ileile. Nilidhani sauti ile imetengenezwa kwa ajili yangu.

Mwaka uliofuata tulipata Komunyo ya Kwanza siku moja. Mama aliniletea kutoka Mbeya gauni jeupe lenye marinda, soksi na viatu vya kung'aa. Binamu aliazimwa gauni na masista, refu, limekunjwa kiunoni kwa pini. Tulitoka kanisani nikitembea mbele ili watu wanione vizuri. Nyumbani kulikuwa na wali wa Mtowisa, kuku wawili, na togwa ya ulezi kwenye mtungi. Watu walipokwisha kula, bibi akatuita wote wawili. Akafungua pindo la kitenge.

Nilinyoosha mkono. Nakuambia ukweli, nilinyoosha mkono kabisa, kiganja juu.

Bibi akautafuta mkono wa binamu, akamweka twiga humo, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja. Mimi akanigeukia na kusema kwa upole, "Wewe una mama wa kukuletea."

Hayo tu. Watu wakapiga vigelegele. Nilisimama na viatu vyangu vya kung'aa nikimwonea wivu yatima. Nimekuwa mtu mzima, nimehudumia wagonjwa wa kila namna, na bado sijui kitu kichungu kama kumwonea wivu mtu ambaye hana mama, ukiwa unajua hana mama. Usiku ule nilitamani, Mungu anisamehe, nifiwe kidogo.

Binamu hakumnyima bibi twiga. Kila jioni baada ya sala bibi alisema, "Lete mnyama wetu," naye akamtoa chini ya mto wake wa kulalia. Bibi alimpitia, "Yupo," akamrudishia. Wetu, alisema. Wetu wangapi?

Muda si mrefu nikaona jambo. Twiga alikuwa anaingia weusi. Zamani alikuwa kwenye kitenge cha bibi anasuguka mchana kutwa na kidole jioni, sasa alikuwa chini ya mto wa majani makavu penye jasho na unyevu. Alianza kuwa kijivu, kisha mweusi kwenye shingo na katikati ya madoa. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Mvivu! Amepewa kitu cha thamani kimemshinda kukisafisha! Nikapanga mpango ambao mpaka leo naona ulikuwa na akili nyingi sana kwa mtoto. Nitamchukua, nitamsugua, bibi atapitisha kidole, atauliza nani amefanya kazi nzuri hivi. Nami nitasema ni mimi. Na kila mtu ataona twiga alipaswa kuwa wa nani.

Jumamosi ilipofika binamu alitumwa mashineni kusagisha ulezi, na mashine ilikuwa na foleni ya kushinda. Mimi nikashuka mtoni na sufuria mbili, twiga nimemweka shavuni kama pipi. Nakumbuka ladha yake, ya baridi na chungu. Nilimaliza sufuria haraka. Kisha nikachuma majani mapya ya msasa, yale magumu, nikachota mchanga na majivu, nikakaa juu ya jiwe. Nilisugua mpaka wenzangu wakaondoka. Weusi ulitoka mara moja, lakini sikuishia hapo, kwa sababu kila nilipopitisha kidole kilikuwa bado kinakwaruza. Sufuria inayokwaruza unarudishwa mtoni. Hivyo nikaendelea. Nilisugua madoa, nikasugua shingo, nikasugua kwa hasira na kwa mapenzi, ncha za vidole zikachubuka na sikujali. Kitu kikiwa na maji kinang'aa chote, huoni kilichotoka. Mwishowe nikapitisha kidole gumba, kikateleza kutoka ukingo hadi ukingo.

Laini. Nilipanda kilima nikiimba.

Nilimrudisha chini ya mto, kwa sababu nilitaka sifa inikute mbele ya watu. Jioni tulikula. Tukasali, bibi ametushika mikono, huyu kushoto na huyu kulia, kama siku zote. Nakumbuka vidole vyangu alivikawiza kidogo kwenye kiganja chake baada ya amina. Kisha akasema, "Lete mnyama wetu."

Binamu akaleta bila kumtazama. Bibi akaweka kidole gumba chini, kwenye kwato, akaanza kupanda. Kidole kikateleza mpaka juu. Akarudi chini, akaanza upya, polepole zaidi. Akamgeuza upande wa pili, akamgeuza tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimeshika sentensi yangu tayari. Bibi akainua uso na yale macho yake ya ukungu, hakumwelekea mtu, akauliza:

"Twiga yuko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Kabla ya hapo, naapa, sikuwa nimeelewa. Kwenye sufuria hakuna twiga, kwa hiyo laini ni laini. Sikuwa nimefikiri kwamba bibi hakuwa anaushika mng'ao. Alikuwa anamshika mnyama, na babu, na miaka yao yote, na mimi nilikuwa nimevisugua vyote vikashuka na maji ya mtoni.

Binamu akamchukua, akamsogeza kwenye moto akamtazama. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimejikunja kama kuku wa mvua. Akasema, bila kusita, "Nimemsugua mimi, bibi. Nilitaka ang'ae."

Nilingoja bibi agombeze. Niliomba agombeze, hata ampige. Bibi alisukuma ukuni motoni. Halafu akaunyoosha mkono akampapasa binamu kichwani. "Basi," akasema. "Ametoroka tu. Atakuwa amekwenda malishoni." Akampapasa tena. Kichwa chake, si changu. Kosa nilifanya mimi, msamaha akapewa yeye, na hata wema ukawa wake. Mimi nilibaki na vidole vinavyouma.

Sikusema. Siku ile sikusema, na kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata haikuwezekana tena. Nikaenda sekondari ya bweni, bibi akafariki nikiwa huko, nikafika siku ya tatu baada ya maziko. Binamu ndiye aliyekuwa amemshika mkono mwisho. Hata hilo.

Sasa unajua kwa nini niliomba maji kwenye lile duka. Na unajua kwa nini nilimtafuta twiga huyu, mwenyewe kabisa, wa aina ileile ya babu, miaka mingi kuliko nilivyowatafuta wanyama wengine wote. Muuzaji aliniambia huyu hajawahi kushikwa na mtu. Nilimnunua kwa lengo moja: nimpelekee binamu, nimkirie kosa langu, tubadilishane. Yeye achukue mzima, anipe yule wa bibi. Niliona ni biashara ya haki. Hata mtoto angekubali, twiga mwenye shingo kwa kipande cha fedha kilichochakaa.

Kutoka Sumbawanga nikapanda gari dogo hadi kijijini, nikamkuta binamu uani kwa bibi, maana nyumba ile ni yake sasa na imeezekwa bati, anapembua ulezi. Amenenepa, mikono yake imekuwa mikubwa kama ya mjomba. "Mtani wangu huyo!" akapiga kelele. "Umekuja kula vichwa vya samaki?" Tukacheka, tukakumbatiana, akanipa kiti na togwa. Nikamuuliza habari za mambo ya zamani. Mtoni hawashuki tena, bomba liko pale karibu na shule. Msasa ulikatwa kuni. Sufuria wanasugua kwa stilwaya na sabuni ya unga. Jirani mfugaji alihamisha ng'ombe wake akashuka bondeni, na wale sungura wake sijui wako wapi. Zizi langu lenyewe lilipotea mwaka niliokwenda bweni, na sikuwahi kuuliza.

Nikavaa glavu zangu za pamba nikamtoa twiga. Binamu aliziangalia glavu kwanza. "Unampasua?" akauliza.

Nikamweleza yote. Nikamwambia ni mimi niliyesugua, nikamwambia kwa nini, nikamwambia tubadilishane. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nilikuwa na leso mkononi. Yeye alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Kwani ulidhani sijui? Nilimkuta na mchanga ukingoni, na wewe umejikunja pale. Bibi mwenyewe alijua."

"Alijua lini?"

"Siku ileile. Si alitushika mikono tukisali? Wewe ncha za vidole zilikuwa zimechubuka zote. Mimi nilishinda mashineni, vidole vyangu vizima na vina unga. Kesho yake tu akaniambia."

"Mbona hakunigombeza?"

Binamu akaupepeta ulezi mara mbili kabla ya kujibu. "Alisema, 'Huyu ana wivu mpaka unamuuma. Nikimgombeza ataona haya, atamwandikia mama yake aje amchukue. Na mimi sitaki achukuliwe.' Akasema nisikwambie kitu. Ikawa siri yetu, mimi naye. Ukipita umenuna tunabinyana. Tulikucheka, binamu, wee! Mpaka karibu na kufa kwake alikuwa anakucheka."

Mtu mwema angelishika lile neno la kwanza. Sitaki achukuliwe. Nimelishika, usiwe na wasiwasi, nililia nalo baadaye chooni ili binamu asinione. Lakini kilichonichoma kwanza ni kile cha mwisho. Miaka yote ile walikuwa na kitu chao wawili, kinanihusu mimi, na mimi simo. Bibi alikuwa na zawadi moja ya mwisho ya kutoa, nayo ni kosa langu, na hata hilo alimpa yeye.

Binamu akaingia ndani akatoka na kipande cha kitenge cha bibi, lile pindo lenyewe, amelikata na kulitunza. Akalifungua. "Vua hayo maglavu," akasema. Nikavua. Akaniwekea ile sarafu kiganjani, nyepesi kuliko nilivyoikumbuka, nami nikapitisha kidole gumba. Hakuna kitu. Nikarudia. Chini kabisa, karibu na ukingo, kidole kikakwama kidogo sana.

"Umemsikia?" akauliza.

"Kuna kwato."

"Moja tu. Bibi ndiye aliyeigundua. Kila jioni alikuwa anaishia hapo, anasema, 'Amekwenda, lakini mguu mmoja bado uko zizini.'" Akanyoosha mkono nimrudishie. "Huyu sibadilishi, mtani. Huyo wako ni mzuri, rudi naye. Mimi nitakupa unga."

Akanipa unga wa ulezi, na maharage, na vichwa viwili vya mgebuka vimefungwa kwenye karatasi. Vyote viwili vyangu, akasema.

Nakuandikia haya ndani ya basi la kurudi, na mkono wa kushoto sijui nitaandika nao mpaka lini. Wa kulia una kazi. Tulipoipita Mpui nilifungua kasha la plastiki, nikamtoa twiga wangu asiyewahi kushikwa na mtu, nikaweka kidole gumba kwenye kwato. Mzee wa Dar es Salaam angeniona angezimia yeye. Nimepanda miguu, nimepita madoa, nimefika shingoni. Yote yanakwaruza bado, makali kabisa. Itachukua miaka kumlainisha kwa kidole, na binamu yangu ameshanitangulia mbali sana.